Anayekataa Hata Anachokitaka: Mtoto Anayekwepa Maagizo katika Shule za Eastlands



Nilikuwa nimeandaa mhadhara mwingine, juu ya mafunzo ya walimu wa elimu maalum. Nimeuweka kando kwa sababu ya maneno niliyoambiwa katika semina ya kitivo na mwenzangu wa idara ya historia, mtu ambaye vitabu vyake nawapa wanafunzi wangu wavisome. Siku hiyo nilikuwa nimezungumza juu ya watoto ambao mwanasaikolojia wa Nottingham, Elizabeth Newson, alianza kuwaeleza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ni watoto wanaokwepa maagizo ya kawaida ya kila siku, vaa viatu, kaa chini, toa daftari, kwa nguvu zao zote na kwa werevu wa kushangaza. Jina alilowapa hujulikana kwa kifupi cha PDA, yaani pathological demand avoidance. Mimi nitaliita ukwepaji mkali wa maagizo. Nilipomaliza, mwenzangu alisimama. Alisema serikali ya kikoloni ilimtumia daktari kuandika kwamba Mwafrika anayekataa ana kasoro ya akili, na kwamba mimi nimeirudisha kasoro ile ile kwa jina jipya. Mtoto wa Eastlands akikataa kuamrishwa, alisema, huo ni urithi wake, na mwalimu mwenye busara atamwacha nao. Walioketi pale walimpigia makofi.

Hoja hiyo imenisumbua kuliko za watetezi wa kiboko, ambao nitawafikia baadaye na sitakaa nao sana. Inanisumbua kwa sababu nusu yake ni kweli, na kwa sababu anayeiamini kwa moyo safi anaweza kumwacha mtoto aangamie huku akidhani anamtetea. Niliomba tukutane Kaloleni makusudi. Katika ukumbi huu, tarehe 23 Aprili 1950, kiongozi wa wafanyakazi Makhan Singh alitoa hoja ya kudai uhuru kamili. Ni mahali ambapo kukataa kuna heshima yake, na ninataka jibu langu lisikike mbele ya heshima hiyo.

Tuanze na daktari mwenyewe. John Colin Carothers alikuwa mganga wa serikali. Alikabidhiwa hospitali ya Mathari mwaka 1938, kilomita chache kutoka hapa tulipo, bila kuwa amesomea magonjwa ya akili, akaisimamia hadi mwaka 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo alimlinganisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ilimpa kazi ya kuieleza saikolojia ya Mau Mau, na kijitabu chake kikapigwa chapa hapa Nairobi kwa mpiga chapa wa serikali. Ndani yake, watu waliopokonywa ardhi waligeuzwa kuwa watu waliochanganyikiwa baina ya mila zilizovunjika na maisha mageni. Dawa aliyoiunga mkono ilikuwa kuwakusanya vijijini ili wasimamiwe. Huo ndio mwaka ambao, tarehe 24 Aprili, wanajeshi waliizingira Nairobi kwa Operesheni Anvil na kupita nyumba kwa nyumba katika mitaa hii ya mashariki, wakiwabeba maelfu ya wanaume kwenda vizuizini. Wapo wazee humu ndani waliowaona baba zao wakichukuliwa.

Juu ya Carothers, basi, sina ugomvi na mwenzangu. Aliandika kwa kuagizwa na mtawala, juu ya watu ambao hakuwasikiliza, ili mtawala apate kulala usingizi. Tena nakubali kwamba neno la kimaradhi, pathological, ambalo Newson alilitia katika jina alilowapa watoto ni neno baya. Ugomvi wetu ni juu ya mtoto.

Mtu anayegoma hugomea kitu. Wafanyakazi wa Nairobi walipoweka zana chini mwezi Mei 1950, walitaka viongozi wao Fred Kubai na Makhan Singh waachiliwe, na walitaka mshahara wa kima cha chini ambao mtu angeweza kulisha jamaa yake. Wangepewa hayo, wangerudi kazini asubuhi yake. Kukataa kwao kulikuwa na anwani. Ukiondoa dhuluma, mgomo unakwisha. Na mgomaji, akiupata ujira alioudai, anaupokea kwa mikono miwili.

Sasa mtazameni mtoto ninayemzungumzia. Katika shule moja karibu na Barabara ya Jogoo nilikaa nyuma ya darasa la Gredi ya 3, kwa mwaliko wa mwalimu aliyekuwa mwanafunzi wangu zamani. Kulikuwa na msichana pale ambaye tangu asubuhi alikuwa akiuliza saa ya chakula. Alijua siku hiyo ni wali na ndengu za mpango wa kaunti, ule ambao mtoto hulipa shilingi 5 na kugusisha bangili yake mkononi. Aliutaja wali ule kwa mapenzi. Kengele ikalia, kiranja akapaza sauti: "Pangeni laini!" Msichana akaketi. Akasema miguu yake imelala. Kiranja akarudia. Akasema leo yeye ni paka, na paka hawapangi laini. Mwalimu wa zamu akaja, akamwamuru ainuke. Akamsifu mwalimu viatu vyake, akamuuliza alivinunua wapi, na alipoona sifa hazimwokoi akaingia chini ya deski akapiga mayowe, akaitupa bangili yake. Njaa alikuwa nayo. Wali aliutaka. Alikosa kula siku ile.

Ni dhuluma ipi aliyokuwa akiigomea? Nimemuuliza mwenzangu swali hilo na hajanijibu. Mtoto huyu hukataa kuoga, na hukataa pia kwenda kuogelea alikoomba yeye mwenyewe kwa wiki nzima. Hukataa kuandika jina lake, kisha akiachwa peke yake huandika majina ya darasa zima, kwa kuwa anacheza ualimu. Likija kama agizo, hata jambo tamu humtia hofu. Na agizo laweza kutoka kwa mwalimu, kwa saa ya ukutani, au kwa tumbo lake mwenyewe. Wanaowachunguza watoto hawa leo wengi wao huitaja hofu hiyo kuwa ndiyo kiini. Kumwita mtoto huyo mrithi wa wapigania uhuru ni kumpa cheo ambacho hakukiomba na kumnyima msaada anaouhitaji. Mgomaji ana nafasi ya kuchagua siku ya kurudi kazini. Msichana yule hakuwa na nafasi ya kuchagua kula.

Nina jambo la pili dhidi ya hoja yake, na hili naliona zito zaidi. Yeye hudhani tukiliondoa jina, mtoto atabaki huru bila jina. Sijui amekaa mitaa gani. Mtoto wa namna hii anayo majina tayari kabla hajafika Gredi ya 1: mkaidi, jeuri, kichwa ngumu, mtoto wa mama, aliyedekezwa, aliyerogwa. Utafiti ambao Joseph Gona na wenzake wa Kilifi waliuchapisha mwaka 2015 uliwauliza wazazi na wataalamu wa Pwani kuhusu chanzo cha usonji, hali ambayo ukwepaji huu huhusishwa nayo. Pamoja na sababu za kitabibu walitaja mapepo, uchawi na laana. Huku kwetu bara maneno hayo hayajatuishia. Kila jina kati ya hayo lina tiba yake, na walimu waliomo humu wanazijua tiba hizo: kupiga magoti mchangani, kuitiwa mzazi, kuhamishwa shule, kupelekwa kwa nabii wa wikendi akemewe. Jina la Newson, pamoja na ubaya wake, ndilo jina pekee katika orodha hiyo linalomfanya mtu mzima abadilishe mwenendo wake yeye badala ya kumvunja mtoto.

Historia ya usonji kwa jumla siirudii. Mnaosomea taaluma hii mnamjua Kanner na watoto wake 11 wa mwaka 1943, mnamjua Asperger. Kwa wasioamini kwamba mambo haya yako Afrika, nitasema tu kwamba mtafiti Victor Lotter alizunguka miji ya nchi sita za bara hili, Kenya ikiwamo, akawakuta watoto wenye usonji, na matokeo yake aliyachapisha mwaka 1978. Hoja hiyo ilifungwa kabla wengi wenu hamjazaliwa.

Mniruhusu nikae na Elizabeth Newson, kwa maana sijasoma mtafiti aliyenifunza zaidi namna ya kusikiliza. Kabla ya kuandika lolote juu ya watoto hawa, yeye na mumewe John walikuwa wameshapiga hodi kwenye nyumba za Nottingham kwa miaka. Nottingham ulikuwa mji wa viwanda: lesi, sigara, dawa, na zile baiskeli za Raleigh ambazo baba zetu walizipanda alfajiri kwenda Eneo la Viwandani, barabara hii ya Jogoo ikiitwa bado Doonholm Road. Waliwahoji kina mama wapatao 700 watoto wao walipotimiza mwaka mmoja. Waliwarudia watoto walipofika miaka minne, wakawarudia tena wakiwa na saba. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1963, na mimi hukisoma kila ninapotaka kukumbuka kwa nini niliingia kazi hii. Mama anaongea ndani yake kwa lugha yake, mtoto akilia pembeni, sufuria ikichemka, na hakuna anayemsahihisha.

Kuna sehemu moja ambayo ningependa kila mwalimu mkuu wa Nairobi aijue. Baadhi ya mahojiano yalifanywa na wahudumu wa afya waliokuwa na kawaida ya kuzuru nyumba hizo, na mengine yakafanywa na watu wa chuo kikuu. Maswali yalikuwa yale yale. Majibu hayakuwa sawa. Mbele ya mhudumu wa afya, kina mama walielekea kutoa majibu ambayo mhudumu angeyapenda. Mbele ya mgeni asiye na mamlaka juu yao, walisema yanayotendeka. Hebu sasa mfikirie mama muuza mitumba wa Gikomba aliyeitwa shuleni, ameketi katika ofisi ya mwalimu mkuu, kwenye kiti kilicho chini kuliko cha mwenye ofisi, akiulizwa kama nyumbani mtoto ana adabu. Atajibu nini? Na jibu hilo ndilo tunaloliandika kwenye faili.

Ndiyo maana namtetea Newson dhidi ya kufananishwa na Carothers. Aliishi wakati ambapo wataalamu wakubwa walimlaumu mama. Bruno Bettelheim, katika kitabu chake cha 1967, aliwafanya wazazi wa watoto wenye usonji kuwa ndio chanzo cha balaa lao, na dunia ikamsikiliza. Newson yeye aliwakusanya watoto walioletwa kwake kwa sababu hawakufanana na wengine, akachukua maelezo ya wazazi wao kuwa ushahidi, na kutoka hapo akaona sura inayojirudia. Katika makala yake ya 2003, aliyoiandika pamoja na wenzake wawili, aliwaeleza watoto 150. Wasichana walikaribia kulingana na wavulana kwa idadi, jambo lisilo la kawaida katika usonji uliojulikana wakati huo. Watoto hao walikuwa wachangamfu kwa nje kuliko watoto wengine wenye usonji. Walijua kutumia watu: kusifu, kusingizia, kupotosha mazungumzo, kujifanya hawajiwezi. Walipenda kuigiza, wakati mwingine mpaka wakapotelea ndani ya uigizaji. Hali zao zilibadilika ghafla. Niliposoma ukurasa ule mara ya kwanza, nilimwona binamu yangu wa Jericho, marehemu sasa, ambaye ujanani mwake shule zilimtupa moja baada ya nyingine na ambaye shangazi yangu alisema juu yake maneno yale yale: ukimwambia afanye, umeharibu. Hakuna aliyemsikiza shangazi. Alikuwa muuza mboga sokoni Burma.

Haki inanitaka niseme pia yaliyosemwa dhidi ya Newson. Hali hii haimo katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa 2013 wala katika uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022. Jonathan Green na wenzake waliandika mwaka 2018 kwamba dalili zipo, ila hazitoshi kuwa ugonjwa unaojitegemea, na mimi nawakubalia. Damian Milton, msomi ambaye mwenyewe ana usonji, alisema mwaka 2013 kwamba tunachokiita maradhi chaweza kuwa madai ya mtu kutaka kujiamulia mambo yake. Mwenzangu wa historia anampenda sana Milton. Nami nampenda, lakini Milton hasemi mtoto aachwe. Anasema mamlaka yajichunguze, na kujichunguza huko ndiko ninakokuja kukuomba shuleni. Kama baada ya miaka 20 watafiti watalifuta jina la PDA na kuwagawa watoto hawa katika makundi mengine, sitalia. Msichana wa Barabara ya Jogoo atakuwa bado anahitaji kula.

Watetezi wa kiboko wananiambia kwamba haya ni matunda ya sheria. Wanasema tuliifuta fimbo kwa Tangazo la Kisheria Nambari 56 la mwaka 2001, tukaipigilia msumari kwa kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, chenye faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi sita au vyote viwili, na sasa tunavuna watoto wasioambilika. Mwezi Januari 2021 hata Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu George Magoha, alitaka fimbo ifikiriwe upya. Tena watetezi hao huniambia samaki mkunje angali mbichi. Nawajibu kwa tarehe. Newson alianza kuwaeleza watoto hawa wakati shule za serikali za Uingereza zingali zinachapa kihalali. Fimbo iliondolewa huko mwaka 1987. Kina mama wengi katika vitabu vyake vya mwanzo walichapa watoto wao na hawakuficha. Watoto hao, basi, walikuwapo chini ya fimbo, na fimbo haikuwaponya. Mtoto ambaye agizo humtia hofu, ukimwongezea hofu ya kuchapwa kwa mrija wa maji umefanya nini? Nimesema sitakaa hapo.

Niingie darasani. Chukueni asubuhi ya shule yoyote ya mitaa hii, iwe ya kaunti ndogo ya Makadara, Kamukunji au Embakasi, iwe shule ya umma au ile ya mabati tunayoiita mbadala. Mtoto anafika langoni: ingia mbio, umechelewa. Paredi: simama wima, nyoosha laini, onyesha kucha, vuta soksi. Zamu ya kufagia: lete maji, mwagia vumbi. Darasani: simameni, salimuni, ketini, mikono juu ya deski, toeni kitabu, ukurasa wa 14. Saa mbili u nusu haijafika na mtoto huyu amekwisha kupokea maagizo mengi kuliko atakayoweza kuyabeba mpaka jioni. Kazi ya hesabu inapofika mezani, inamkuta amekwisha. Mwalimu huona ameikataa hesabu. Hesabu haina kosa.

Najua jibu mlilonalo mdomoni: darasa lina watoto 60, nami nimekuja na habari za Nottingham. Kwa hiyo sitaomba msaidizi wa darasa wala chumba cha utulivu chenye zulia. Fedha anazopewa mwanafunzi wa shule ya msingi na serikali, shilingi 1,420 kwa mwaka, hazinunui zulia. Ninaomba mwalimu achague vita vyake. Kati ya maagizo yote ya asubuhi, ni yapi yanayolinda usalama wa mtoto na wa wenzake? Hayo yabaki, tena yawe ya wote na yasemwe kama kanuni ya mahali, mfano geti hufungwa saa mbili, badala ya kusemwa kama amri ya mtu kwa mtu. Soksi zinaweza kungoja. Paredi inaweza kumkosa mtoto mmoja aliyepita mlango wa nyuma akaenda kuhesabu chaki ofisini.

Mwalimu yule niliyemtembelea aligundua mwenyewe mengi ambayo vitabu huyasema kwa kurasa nyingi. Hakumwambia msichana "peleka daftari hizi." Alisema akiitazama dari: "Sijui daftari hizi zitafikaje ofisini." Mara nyingi zilifika. Alimwachia achague aanzie swali la mwisho au la kati. Alimpa nafasi ya ualimu: asahihishe makosa ambayo mwalimu aliyaweka ubaoni makusudi. Aliacha kumsifu mbele ya wote, baada ya kuona kwamba sifa humfungia mtoto deni la kufanya vizuri tena kesho; nyota za karatasi alizoning'iniza ukutani kwa ajili ya wengine, kwa huyu alizinyamazia. Na siku ambazo mtoto alifika amejaa hofu tangu nyumbani, hakumwagiza chochote mpaka mapumziko. Kuna siku hata hayo yote hayakufaa kitu. Alinieleza hivyo bila kuona aibu, na ningetaka walimu wengi zaidi waseme hivyo mbele ya wakubwa wao.

Mimi nitaongeza kitu ambacho Newson hangeweza kukijua, kwa kuwa ni chetu. Tazameni mchezo wa vitendawili unavyochezwa katika vipindi vya Kiswahili vya gredi za chini. Mmoja anasema "Kitendawili!" na wengine wanamruhusu kwa kusema "Tega!" Bila ruhusa hiyo swali haliulizwi. Wakishindwa, mtegaji anasema apewe mji. Wanampa Mombasa au Kisumu, naye anatembea huko kwa maneno kisha analitoa jibu. Angalieni kilichomo: swali linaloomba idhini kabla ya kuulizwa, na mlango wa kutokea wenye heshima kwa asiyeweza kujibu, tena mlango unaompa nafasi ya kutoa mji mzima. Nimeona mtoto aliyekataa kila swali la mwalimu akikaa saa nzima katika vitendawili na kujibu. Hofu yake ilipata pa kutokea, kwa hiyo haikuhitaji kutoka. Walimu wa Kiswahili, anzeni kipindi chenu hapo, na mtengeneze hesabu za namna hiyo pia: anayeshindwa anatoa mji, jibu linatolewa, mchezo unaendelea.

Wanafunzi wengine watauliza kwa nini yeye haadhibiwi. Wataulizwa wenyewe kama mwenye miwani anapendelewa. Watoto huelewa haraka kuliko bodi ya usimamizi.

Lakini si kila anayekataa ana hali hii, na hapa naomba uangalifu. Mtoto anayekataa kusoma kwa sauti huenda haoni ubao. Asiyetii huenda hasikii. Anayekataa kwenda nyumbani huenda kuna mtu nyumbani wa kuogopwa, na anayekataa kuja shule huenda kuna mtu shuleni. Tangu mwaka 1984 tuna vituo vya tathmini na rasilimali za elimu, EARC, na tangu 1986 tuna Taasisi ya Elimu Maalum ya KISE pale Kasarani. Masikio na macho yapimwe kwanza. Sera ya wanafunzi wenye ulemavu ya mwaka 2018 inawataka watoto hawa wasome pamoja na wenzao kila inapowezekana, na kitengo cha usonji katika City Primary ya Ngara kimeonyesha kwamba shule ya umma inaweza kuwapokea. Shida ni kwamba mtoto wa ukwepaji mara nyingi huongea vizuri, hukutazama usoni, husalimu wageni; anapofika kwenye kituo cha tathmini akiwa na mtu mgeni, mahali pageni, asubuhi moja, huonekana hana tatizo. Huzuia kila kitu ndani mpaka afike nyumbani, kisha nyumba nzima huwaka.

Nani basi anayemjua? Narudi kwa mama, au bibi, au yeyote anayemvika viatu. Nimepima upande wa pili. Najua mama huchoka na kumbukumbu huchanganyika. Najua yupo mama anayemfunika mtoto, na yupo anayemchapa kuliko mwalimu. Najua methali ya asiyefunzwa na mamaye itanukuliwa tena mara nitakapoketi. Pamoja na hayo yote sijaona chombo cha tathmini kinachomzidi mtu aliyejaribu asubuhi zote za mtoto huyo. Naiomba kila shule ya mitaa hii iwe na ukurasa mmoja katika faili ya mwanafunzi unaojazwa kwa maneno ya mama mwenyewe: ni maagizo gani anayakubali, yasemwe vipi, saa ngapi, na nani, nini humtuliza, nini kisijaribiwe kamwe. Usijazwe katika ofisi ya mwalimu mkuu. Mama anayefungua kibanda alfajiri asilazimishwe kupoteza mauzo ya siku; atume sauti yake kwa simu usiku, na mwalimu aandike alivyosema bila kupamba. Ukurasa huo utangulie fomu ya EARC, na uende nayo.

Nauomba sasa kwa sababu ya walimu wa Gredi ya 6 ninaowaona safu ya mbele. Tathmini yao ya kitaifa ya mwisho wa Gredi ya 6, KPSEA, ndiyo agizo kubwa kuliko yote ambayo mtoto huyu amewahi kupewa: chumba kigeni, msimamizi mgeni, saa iliyopangwa, karatasi isiyojadiliwa. Baraza la Mitihani hutoa nafuu kwa watahiniwa wenye mahitaji maalum, na shule hufikiria kwanza muda wa ziada. Kwa mtoto huyu muda wa ziada ni kuirefusha hofu. Anachohitaji ni chumba kidogo, kuingia baada ya wengine kuketi, na mtu anayemjua mlangoni. Nafuu ya aina hiyo huombwa mapema, ikiwa na ripoti ya tathmini. Ombeni miadi EARC muhula huu, na siku ya kwenda mchukueni mama pamoja nanyi, msimwache nje kwenye benchi.